Kabla Hujapeleka Mzigo Nairobi, Nenda Mikono Mitupu

Ujumbe wa mnunuzi wangu ulikuwa mfupi: "Kesho 2, hapo kwa geti." Niliusoma usiku nikiwa kwenye lojingi moja ya Ngara, nimejikunyata kitandani na masweta mawili mwilini, maana ulikuwa mwezi wa saba na baridi ya Nairobi mwezi huo haina mchezo. Nikajibu, "Sawa kaka, asante," nikalala. Asubuhi saa moja na nusu nilikuwa nimeshafika nje ya Marikiti, barabara ya Haile Selassie, na Fuso nililolikodi limejaa machungwa kutoka Muheza.

Saa mbili ikafika, ikapita. Saa tatu. Napiga simu, haipokelewi. Askari wa kaunti, wenyewe wanawaita kanjo, wamepita mara mbili wanataka gari liondoke barabarani. Dereva ananikumbusha kila baada ya dakika kumi kwamba tulikubaliana ashushe asubuhi ageuze. Mzigo nao ulikuwa siku ya tatu chini ya turubai, na nilipoweka mkono ndani nilikuta joto na ile harufu ya utamu uliopitiliza, ambayo kila mtu aliyewahi kufunga machungwa anaijua. Machungwa ya chini yalikuwa yameanza kukata tamaa.

Saa tano kasoro nikamuuzia dalali wa kwanza aliyenitajia bei. "Mathe, soko imejaa," aliniambia, nami sikuwa na namna yoyote ya kujua kama ni kweli au si kweli. Nilipomaliza kumlipa dereva na ushuru, mtaji wangu ulikuwa umekatika nusu.

Saa nane kamili mchana simu ikalia. "Madam, niko kwa geti. Uko wapi?"

Yule kaka alifika kwa wakati wake. Hakunidanganya, hakunichezea. Aliandika 2 kwa saa anayoiona kwenye simu yake, mimi nikaisoma kwa saa niliyofundishwa na bibi yangu. Huyo mtu ningemkasirikia vipi?

Naandika haya kwa sababu kila msimu wa machungwa ukikaribia, kina mama wenzangu wa Muheza, Korogwe na Tanga mjini wananiuliza: nimepata mtu Nairobi, nimpelekee gari? Jibu langu ni lile lile, na naomba mlichukue kwa uzito. Usipeleke gari. Nenda wewe kwanza, mikono mitupu, ukae siku nne, uangalie na usikilize. Nauli, chakula na malazi ya siku nne havifiki hata robo ya hasara ya Fuso moja lililooza. Mimi nilianza kwa mzigo, ndipo nikarudi mwaka uliofuata bila mzigo, na ile safari ya pili ndiyo iliyonifundisha biashara.

Kuhusu njia na makaratasi nitasema kwa ufupi. Pasipoti uwe nayo. Sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hatuhitaji viza kuingia Kenya, na ule utaratibu wa kibali cha kielektroniki ulioanza Januari 2024 hautuhusu, kwa hiyo mtu akikuambia mtandaoni ulipe ili akuombee, achana naye. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebe hata kama safari iliyopita hawakuiulizia. Kutoka Tanga mimi hupita Horohoro, naingia Lungalunga, napanda gari mpaka Mombasa, halafu asubuhi yake nachukua treni ya SGR kutoka Miritini. Kiti cha daraja la kawaida nililipa shilingi 1,500 za Kenya. Kata tiketi mapema, hasa ukisafiri mwisho wa mwezi au kipindi cha shule kufunga, na fika stesheni saa nzima kabla, kwa sababu mizigo inakaguliwa na mbwa, inapitishwa kwenye mashine, na foleni ni ndefu. Na hata kama unatamani kuwaonjesha wateja, usibebe matunda ya mfano mkononi bila cheti cha afya ya mimea. Piga picha nzuri shambani, zinatosha.

Treni inapita Tsavo. Usilale. Nimeona tembo wamejipaka udongo mwekundu mpaka wanafanana na vichuguu.

Unashuka Syokimau, nje kidogo ya mji, na hapo kuna treni nyingine ndogo ya kukupeleka stesheni kuu mjini. Panda hiyo. Ni nafuu na haijui foleni.

Kitu cha kwanza utakachokiona mjini ni mwendo wa watu. Sisi wa Tanga tunatembea kama mtu anayejua kwamba anakokwenda hapahami. Pale Tom Mboya Street watu wanatembea kama wanaofuatwa. Siku ya kwanza nilisimama pembeni ya duka moja la simu nikawaangalia kwa muda mrefu: mama na mtoto mgongoni, kijana na magunia matatu kwenye mkokoteni, binti wa ofisini na viatu vyake vya juu ndani ya mfuko, raba miguuni, wote mwendo mmoja. Mji uko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyezoea pwani akijaribu kwenda nao anaanza kuhema kabla hajafika Ngara. Nenda kwa mwendo wako, lakini kaa kushoto wakupite.

Wenyeji wataniwia radhi, lakini mara ya kwanza niliwaona hawana adabu. Unaingia dukani, kabla hujasema habari za asubuhi, muuzaji anakuuliza, "Unataka nini?" Kwetu hilo ni swali la kumfukuza mtu. Hotelini mteja anasema "leta chai," haombi. Makanga, yaani konda wa matatu, ananiita mathe na umri wenyewe hatujapishana sana. Nilirudi lojingi siku ile nimenuna.

Ilinichukua siku mbili kuelewa. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, pale palikuwa na maji na majani, na Wamasai ndio waliopaita mahali pa maji baridi. Sisi Tanga ujenzi wa reli ulianza 1893, na mji wenyewe ulikuwapo kabla ya hapo, wenye misikiti, mitaa na wazee wa kumfundisha mtoto namna ya kubisha hodi. Nairobi kila mtu alikuja na sanduku lake. Mkikuyu, Mluo, Mkamba, Mluhya, Msomali, Mhindi, wote walikutana pale kutafuta riziki, na Kiswahili walikichukua kama mtu anavyochukua jembe: cha kufanyia kazi. "Unataka nini?" kwao maana yake ni "nikusaidie nini?" Na mathe ni mama. Alikuwa ananiheshimu.

Kwa hiyo nawasihi, usicheke Kiswahili chao. Nimeona Watanzania wenzangu wanakaa na wateja wao halafu wanaanza kuwasahihisha, "si hii gari, ni gari hili." Mtu ana pesa yako mfukoni, wewe unampa somo la sarufi! Wengi wao hicho ni lugha ya pili au ya tatu, na kwa vijana waliozaliwa mitaa ya Nairobi, Sheng ndiyo lugha ya nyumbani kabisa. Wao Kiswahili chetu wanakipenda, watakuambia mara moja, "Wewe ni Mtanzania, ongea kidogo tusikie." Ongea. Kinafungua milango. Nilimwamkia shikamoo mzee mmoja mlinzi wa jengo pale Ngara, na yule mzee akanyamaza kwanza, akavua kofia yake, ndipo akaitikia marahaba kwa sauti ya chini sana. Tangu siku hiyo alinisindikiza mpaka kituo cha matatu kila alfajiri bila kuniomba chochote.

Lakini kupenda Kiswahili chetu hakumaanishi tunaelewana, na hapa ndipo hela inapopotea. Kwa sababu maneno ni yale yale, masikio yanalegea. Ungekuwa umeenda China ungeuliza kila kitu mara tatu. Nairobi huulizi, unadhani umesikia.

Chukua namba. Mbao kwao ni shilingi ishirini. Soo ni mia. Thao au ngiri ni elfu. Akikuambia "mbao kwa moja," si mbao za kupaulia, ni bei ya chungwa. Elfu nayo ni ya nani? Wote tunaita shilingi, na safari ile shilingi moja ya Kenya ilikuwa inakwenda kwa kama 20 za kwetu, kwa hiyo elfu mbili yake na elfu mbili yangu ni vitu viwili tofauti kabisa. Gunia pia liulizie: lina kilo ngapi, limefungwa wapi, lina kilemba, yaani mzigo uliozidi juu ya mdomo wa gunia, au halina. Nimeshuhudia watu wawili wakikubaliana bei ya gunia kwa furaha, wakapeana mikono, kumbe kila mmoja ana gunia lake kichwani.

Na saa. Mtu wa Nairobi akikutamkia "saa mbili asubuhi," ni saa mbili yetu, hakuna shida. Akikuandikia 2, au 8, au 10, anaandika kama simu inavyosoma. Tiketi zao na ratiba zao zote ni hivyo. Sasa mimi kila makubaliano nayarudia kwa ujumbe, kwa urefu: machungwa mangapi, kwa shilingi za wapi, wapi tunashushia, saa nane mchana yaani 2 ya mchana kwenye simu, nani analipa ushuru wa kushusha. Mwanzoni niliona haya, nikidhani wataniona simwamini mtu. Hakuna hata mmoja aliyekasirika. Mmoja alinijibu, "Poa sana madam, hivi ndio kazi."

Sasa niwapeleke Marikiti, maana hapo ndipo penye mambo.

Jina lake rasmi ni Soko la Wakulima, ila kila mtu anasema Marikiti, neno la kwetu pwani, nililikuta limenitangulia. Ukienda saa mbili asubuhi umechelewa. Malori yanaingia usiku, na kufikia saa kumi na nusu alfajiri biashara imepamba moto: kabichi, viazi, karoti, ndizi, nyanya, na vitunguu vingi kutoka kwetu Tanzania. Ni giza, ni tope, taa za simu zinamulika huku na huku, mikokoteni inapita kwa kasi na anayesukuma anapiga mluzi badala ya kusema samahani. Vaa viatu vya kufunga. Mkoba uwe mbele. Usisimame katikati ya njia kushangaa.

Nilikaa pale asubuhi tatu mfululizo. Siku ya kwanza nilizunguka tu. Siku ya pili niliona mama mmoja anayeuza machungwa peke yake, bila vitu vingine, nikamwamkia, nikamweleza ukweli wote: natoka Muheza, ni mkulima na mfanyabiashara, sina mzigo leo, naomba nikae karibu yako nijifunze. Aliniangalia juu mpaka chini. Halafu akasukuma kreti tupu kwa mguu, akasema, "Kaa hapo. Usiguse."

Nikakaa. Nilimwangalia mikono. Anachukua chungwa, analipima uzito kiganjani, kidole gumba kinabonyeza mahali kikonyo kilipokuwa, analisogeza puani mara moja, anatupa. Hatazami anakotupa. Yale makubwa upande wa kulia, hayo ya vijana wa mikokoteni wanaomenya na kuuza barabarani. Ya kati mbele yake, ya watu wa juisi. Madogo kwenye ndoo, yanakwenda mitaani kwa mafungu. Na lundo la nne nyuma yake, ambalo sikulielewa mpaka nilipoinama kuangalia. Yalikuwa machungwa mazuri kwa nje, ila kila moja lilikuwa na kidonda kidogo pale penye kikonyo, ngozi imechanika.

"Hizo zinatoka kwenu," aliniambia. "Watu wenu wanavuta. Ukivuta inararuka, inaingiza maji, siku tatu imeoza. Mwambie akate."

Wenzangu, nina miaka kumi na zaidi kwenye machungwa. Hakuna aliyewahi kuniambia jambo hilo. Wachumaji wetu wanatikisa tawi, wanavuta, wanaangusha, tunaokota, tunahesabu, tunapakia, halafu tukiambiwa Nairobi kwamba theluthi ya mzigo imeharibika tunasema madalali wezi. Tangu hapo mimi nanunua mikasi, nawalipa wachumaji wangu zaidi kidogo, kikonyo kinakatwa kifupi sana kisije kikachoma chungwa la jirani, na chini ya gari natandika majani makavu. Naacha pia nafasi ya hewa kati ya mzigo na turubai.

Jambo la pili alilonifundisha ni la rangi. Kwenye supamaketi za Nairobi utaona machungwa ya rangi ya machungwa kweli kweli, yanang'aa, mengi yametoka Afrika Kusini. Mara ya kwanza niliyaona nikavunjika moyo, maana yetu ni ya kijani hata yakiiva. Chungwa linahitaji usiku wa baridi ili ngozi igeuke, na Muheza usiku wa baridi tutautoa wapi? Ndani limeiva, nje kijani. Nikamuuliza mama yule kama rangi inatushushia bei. Akakata moja lake katikati, akalikamua juu ya kiganja mpaka maji yakamtiririka mkononi kufika kwenye kiwiko. "Ile ya njano ni ya kuangaliwa," akasema. "Hii yenu ndio ya juisi. Mtu wa juisi hanunui rangi."

Kwa hiyo siku ya tatu niliwatafuta watu wa juisi. Na hiki ndicho kitu ambacho huwezi kukifanya ukiwa na gari linalokungoja barabarani.

Mama yule alinitajia pia Makueni. Kenya nao wana machungwa yao, na Makueni iko karibu na Nairobi kuliko sisi. Wakati wao wanavuna, bei inashuka. Kabla ya kupakia gari, piga simu uulize: Makueni wako wapi, wameanza au bado? Neno "soko imejaa" halitakutisha tena kama unajua mwenyewe kilichoingia usiku ule.

Kuhusu bei nitasema kitu kimoja. Nje ya soko nilinunua chungwa lililomenywa kutoka kwa kijana wa mkokoteni kwa shilingi 20. Ni kama 400 za kwetu. Mwaka ule shambani chungwa kama hilo nilikuwa nahesabiwa kwa 70. Nililishika mkononi muda mrefu kabla sijalila, na nakiri kwamba niliumia. Kisha nikatoa daftari nikaanza kuandika kati ya 70 na 400 kuna nini: kuchuma, kupakia, Fuso, vibali, mpaka, ushuru wa soko, wabebaji, dalali, yanayooza, muuzaji wa jumla, yule kijana na mkokoteni wake wa kukodi. Si wizi wote. Lakini humo ndani niliona sehemu mbili ambazo naweza kuzifanya mwenyewe, na hizo ndizo faida yangu ya leo.

Vibali navyo ulizia kabla hujavuna. Matunda yanahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea upande wetu, na anayepokea Kenya awe na kibali cha kuingiza kutoka KEPHIS, wenzao wa Kenya wa kazi hiyo. Nzi wa matunda ndio wanaowafanya wawe wakali. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya haitozwi ushuru wa forodha ukiwa na cheti cha uasilia, na kama mzigo wako hauzidi thamani ya dola 2,000 kuna utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo ambao unaupata hapo hapo mpakani. Wengi wetu tunapita njia za panya kwa kuogopa makaratasi ambayo hata hatujayaona.

Pesa. Nairobi karibu kila mtu analipwa kwa M-Pesa, kuanzia muuza mahindi ya kuchoma mpaka mwenye ghala. Ilianzia kwao, mwaka 2007, na wameizoea kiasi kwamba ukitoa noti ya elfu kwa kitu cha hamsini watakutazama kwa huruma, hawana chenji. Sajili laini ya Kenya kwa pasipoti yako siku ya kwanza. Itakusaidia kulipa, na itakusaidia zaidi kulipwa, kwa sababu hutatembea na fedha za mauzo mjini. Mteja akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba ametuma, mwambie kwa upole tusubiri wangu. Usiruhusu mzigo uondoke mpaka ujumbe umeingia kwako na umeangalia salio. Ukibadilisha fedha mpakani, jua kiwango cha siku hiyo kabla hujafika, na hesabu mwenyewe mara mbili.

Matatu: uliza nauli kabla ya kupanda, na muulize abiria, usimuulize makanga. Nauli inabadilika kwa saa na kwa mvua. Asubuhi ulilipa hamsini, jioni mvua ikinyesha ni mia, na hakuna anayebishana. Ukikaa dirishani weka simu ndani. Mjini pia usisimame ukingoni mwa barabara unaandika ujumbe. Ingia dukani, andika, toka. Nimemwona dada akinyang'anywa simu akiwa katikati ya maongezi, na aliyeichukua alikuwa ameshavuka barabara kabla dada hajashusha mkono sikioni.

Chakula utakipata kila mahali, kizuri na cha kushiba. Ujue tu kwamba ukisema chai, kwao ni ya maziwa. Ya rangi wanaiita strungi. Chapati na maharage, ambayo wanayaita madondo, kwenye kibanda cha karibu na soko, zilinitosha tangu alfajiri hadi alasiri.

Sweta nimeshasema? Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, mawili.

Siku ya nne, kabla sijaondoka, nilimpigia yule kaka wa mwaka uliopita. Namba yake nilikuwa sijaifuta. Nilimweleza kuhusu ile 2 yake na ile 2 yangu, nikamwomba radhi kwamba niliondoka na kumwacha getini. Alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe! Mimi nilijua umenichezea." Mwaka mzima kila mmoja alikuwa amemweka mwenzake kwenye orodha ya matapeli. Akaja tukanywa chai, akanionyesha mashine zake mbili za juisi na mahali anapohifadhi matunda, nami nikamwonyesha picha za shamba. Tulikubaliana nusu gari kwanza, si gari zima, ila tuonane kazi.

Huu ni msimu wa pili tunafanya naye. Nusu nyingine inakwenda kwa mama wa Marikiti, ambaye bado anabonyeza kila chungwa langu penye kikonyo kabla hajalipa. Ujumbe wa kaka wa jana ninao hapa: "Madam, Alhamisi 5 asubuhi, saa kumi na moja ya Tanga. Kuja na ile kijani."